Zamu inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, theluji imejaa: nifikeje kazini kwa basi hapa Minneapolis?

BintiPasiansi

Wakubwa shikamooni, wa rika langu habari za baridi.

Mimi ni mgeni mji huu, nimeingia mwezi wa nane nikitokea Mwanza. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee na zamu yangu inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nakaa kaskazini mwa Minneapolis, mitaa michache kutoka barabara ya Fremont. Napanda basi la njia ya D Line hadi mjini kati, nashuka, nasubiri basi jingine la kwenda magharibi, na hilo la pili hupita kila baada ya nusu saa. Siku za kawaida nafika na muda wa kunywa chai kabisa.

Jumanne theluji ilianza jioni ikaanguka usiku kucha. Alfajiri nafungua mlango wa nje, ngazi hazionekani. Njia ya miguu hakuna, ni theluji tu mpaka karibu na goti. Nikaingia barabarani nikawa nafuata alama za matairi. Kufika mjini kati, basi la pili limeshapita. Nikasimama kwenye kituo kisicho na kibanda mpaka vidole vya miguu nikawa sivisikii. Mama wa zamu ya usiku ambaye nilitakiwa kumpokea alibaki ananisubiri, na mwanawe wa darasa la pili alikuwa peke yake nyumbani akingoja kupelekwa shule. Hilo limeniuma kuliko maneno ya msimamizi, ingawa naye kaniambia ikitokea tena ataniandikia barua.

Nina akiba kidogo, ni ada ya chuo cha uuguzi, natakiwa kuanza mwezi wa tano. Nyumbani wananiambia ninunue gari bovu bovu nimalize baridi. Leseni ninayo, lakini sijawahi kuendesha kwenye theluji. Je, kuna namna mtu anaweza kutegemea basi asubuhi ya theluji na akafika kwa wakati? Naomba mwenye uzoefu wa mji huu anieleze kinagaubaga.

---

Kijana_Northeast

Pole sana sista. Ushauri wangu nunua gari. Nchi hii bila gari ni mateso, na baridi ndio kwanza imeanza. Tafuta ndogo ya Kijapani, matairi yawe mazima, basi. Ada utaitafuta tena.

---

DerevaUsagara

Marahaba mwanangu, na pole. Mimi ni mtu wa Usagara, Tanga, na kazi yangu hapa Minneapolis ni kuendesha basi la abiria, zamu ya alfajiri, miaka mingi sasa. Nakusihi hiyo ada usiiguse. Mdogo wangu hapo juu ameshauri kwa nia njema, na habari ya gari nitairudia. Kwanza nikueleze asubuhi ya theluji tunavyoiona sisi tulioshika usukani, maana abiria wengi wanachelewa, na wengine wanaumia, kwa mambo ambayo hakuna aliyewaeleza.

Jua theluji ya usiku inavyoondolewa. Magari ya kuisukuma huanza na barabara kuu, na njia nyingi za mabasi zimo humo. Mitaa ya ndani hufuata baadaye. Njia ya miguu si kazi ya magari hayo. Sheria ya mji inamtaka mwenye nyumba ya familia moja au mbili asafishe mbele ya kwake ndani ya saa 24 baada ya theluji kukatika, na mwenye jengo la wapangaji wengi au la biashara ndani ya muda wa saa nne za mchana. Sasa piga hesabu. Theluji imekatika saa tisa usiku, wewe unatoka saa kumi na moja. Hakuna aliyevunja sheria, na njia ya miguu haipo. Kwa hiyo ugumu wa safari yako uko kwenye hatua za kutoka mlangoni hadi kituoni, na pale mjini kati unapobadilisha basi. Hapo ndipo pa kuwekea akili zako.

Ukilazimika kutembea barabarani, shika upande ambao magari yanakuja mbele yako, uyatazame. Vaa kitu kinachong'aa. Januari hapa jua linachomoza inakaribia saa mbili, na nusu ya abiria wangu wamevaa makoti meusi. Mimi nawaona nikiwa nimeshawakaribia mno. Na usiamini kwamba dereva aliyekuona anaweza kusimama. Kukuona na kusimama ni mambo mawili kwenye barafu.

Ukifika kituoni, hapa naomba unisome polepole. Barabara hujengwa na mgongo, katikati pameinuka na kando pameshuka ili maji yatiririke. Kituoni ndipo mabasi yote yanapofunga breki na kung'oa, kwa hiyo theluji ya pale inakandamizwa na kulainishwa hadi inabaki barafu tupu inayong'aa chini ya taa. Mimi naingia polepole, nagusa breki kidogo kidogo. Mbele kumesimama. Halafu nasikia mkia bado unateremka kuelekea ukingoni. Na haya mabasi marefu ya futi 60, yenye mkunjo katikati, magurudumu yanayosukuma ni ya mwisho kabisa, nyuma ya ule mkunjo. Nyuma ndiyo inayosukuma mbele. Ikikosa mshiko, basi linataka kujikunja, na dereva hana pa kwenda.

Wakati huohuo abiria amepanda juu ya tuta la theluji lililosukumwa ukingoni, amesimama pale ili nimwone. Akiteleza, anateleza kuja upande wa magurudumu. Nimemwona mama mmoja anakwenda hivyo, na kijana aliyekuwa nyuma yake akamdaka kofia ya koti. Mkono wangu ulitetemeka mpaka mwisho wa njia. Kwa hiyo simama nyuma, mbali na ukingo, usisogee hadi basi litulie na mlango ufunguke. Ukitaka nikuone, washa taa ya simu uielekeze chini kwenye miguu yako. Ukinimulika machoni unanipofusha. Na usikimbize basi ubavuni, hata kama unajua limekuacha. Hakuna zamu yenye thamani hiyo.

Vituo vya D Line yako, na vya njia nyingine ya basi iitwayo C Line, vina nafuu. Ukingo wake umeletwa mbele hadi barabarani, basi halihitaji kuchepuka sana, na unalipa kabla ya kupanda halafu unaingia mlango wowote. Ndani ya kibanda kuna kipasha joto. Wageni wengi hawajui kwamba kina kitufe. Bonyeza, kitawaka, baada ya muda kitajizima, bonyeza tena.

Sasa hesabu ya muda. Watu hupanga safari kwa kutazama basi la kwanza. Wewe panga kwa la pili. D Line ikikupita, nyingine iko njiani. Lile linalopita kila nusu saa ndilo lenye siku yako mkononi. Asubuhi ya theluji chukulia kwamba basi lako la kawaida la magharibi halipo, panga kupanda linalolitangulia. Likichelewa, umepanda lako la kila siku. Nauli ya dola 2 inakuruhusu kubadilisha mabasi kwa muda wa saa mbili na nusu, kwa hiyo kutangulia hakukuongezei senti. Usingizi ndio unaopungua, najua, na kwa kazi yako usingizi ni kitu kikubwa. Lakini si kila siku, ni asubuhi zile tu.

Na ni zipi asubuhi zile? Hapa ndipo wengi hawajui. Wanaogopa siku theluji inapoanguka. Mimi naogopa siku ya pili yake. Theluji ikianguka mara nyingi mbingu zina mawingu na baridi si kali sana, magari ya mji yako barabarani, na chumvi waliyomwaga inafanya kazi. Usiku unaofuata mawingu yanaondoka, baridi inashuka ghafla. Chumvi ikifika karibu hasi 9 za Selsiasi, ambazo wenyeji hapa wanaziita 15 kwa kipimo chao cha Farenhaiti, inakuwa haina nguvu tena. Yale matope ya theluji yaliyoyeyuka mchana yanaganda usiku yakiwa na alama zote za nyayo na matairi. Asubuhi anga ni safi, jua litatoka zuri, watu wanasema dhoruba imepita, wanatoka saa zao za kawaida. Asubuhi hiyo ndiyo naona watu wameanguka njiani, na magari yamegongana kwenye makutano. Kwa hiyo Jumanne theluji, Jumatano na Alhamisi wewe bado toka mapema. Tazama kipimo cha baridi cha usiku, usitazame kama theluji inaanguka au la.

Kushuka nako kuna adabu yake. Mlango wa nyuma ukifungukia kwenye tuta, usiruke. Mwambie dereva, "naomba nishukie mbele." Tunakubali. Mimi nikiona kituo kimezibwa nasogea mpaka penye upenyo, kwenye makutano mara nyingi, lakini siwezi kuona kila mlango kwa wakati mmoja. Sakafu ya basi siku hizo imejaa maji, shika nguzo hadi basi lisimame.

Na pole kwa mama wa zamu ya usiku. Umenifurahisha kwamba unamfikiria yeye.

---

BintiPasiansi

Baba asante sana, Mungu akuzidishie. Hilo la kitufe sikulijua kabisa! Na la siku ya pili limenishtua, kwa sababu kweli Alhamisi niliteleza mbele ya duka moja na nilidhani mambo yameisha.

Naomba kuuliza mawili. Miguu nifanyeje? Nina buti nilizouziwa kuwa ni za baridi, lakini baridi inaingia kutoka chini. Na pale mjini kati nikifika mapema hivyo nisubirie wapi? Nasikia kuna njia za juu zinazounganisha majengo.

---

Mama_wa_Keroka

Pole dadangu. Mimi nakaa Brooklyn Park, kazi ni hiyo hiyo ya kuangalia wazee, na kabla ya gari nilipanda basi misimu mingi. Acha nikujibu la miguu.

Kwanza niambie hizo buti zinakubana? Wengi wetu tunanunua saizi yetu ya nyumbani, halafu tunavaa soksi mbili, mguu unabanwa na damu haipiti vizuri. Nunua iliyo kubwa kidogo, vidole viweze kucheza ndani. Soksi za pamba acha, zikishika jasho zinakaa na unyevu na hapo ndipo baridi inakukamata. Vaa za sufu. Ukisimama kituoni usisimame juu ya barafu, tafuta hata kipande cha boksi uweke chini ya miguu. Utaona tofauti dakika hiyo hiyo. Viatu vya kazi weka kwenye mfuko, badilisha ukifika.

Kuna vyuma vya kuvaa juu ya buti, vina meno madogo, vinavutwa kwa mpira. Nunua. Vivue ukiingia ndani kwa sababu kwenye sakafu ya vigae vinateleza vibaya. Ukiwa huna, tembea kama bata: hatua fupi, miguu imefunguka kidogo, mikono nje ya mifuko.

Na ile ya vidole kutosikia, aki usiichukulie rahisi. Upepo ukifanya baridi ihisi kama hasi 28 hivi, ngozi iliyo wazi inaweza kuungua kwa baridi ndani ya nusu saa. Ukifika kazini na vidole vimekufa ganzi usivisugue, na usiviweke karibu na hita ya umeme kwa maana hutasikia vikiungua. Maji ya vuguvugu, polepole. Vikibaki vyeupe au vigumu, nenda hospitali, usingoje zamu iishe.

Kitu kingine. Ongea na huyo mama wa usiku. Sisi mahali pangu tulipatana: theluji ikitangazwa, anayeingia anampigia anayetoka kabla ya kulala, wanajua mapema nani atachelewa, na mtoto anatafutiwa jirani. Msimamizi pia mwandikie ujumbe usiku ule ule, usingoje asubuhi, na uhifadhi huo ujumbe. Uliza pia kama kuna mwenzako mwenye gari anayetoka upande wenu siku za baridi kali, mchangie mafuta. Wakenya na Watanzania kwenye hizi nyumba za wazee hatukosi, na mtu hawezi kukuacha kituoni akijua.

---

DerevaUsagara

Ameongea vizuri huyo mama, ya boksi hata mimi nitawaambia abiria wangu.

Kuhusu njia za juu, zipo na ni nyingi, zilianza kujengwa mwaka 1962 na leo unaweza kutembea sehemu kubwa ya mjini kati bila kutoka nje. Lakini ziko mikononi mwa wenye majengo, kila jengo na saa zake za kufungua, na wewe unapita wakati milango mingi bado imefungwa. Usizitegemee alfajiri. Zitakufaa ukirudi mchana. Alfajiri shuka kwenye kituo cha D Line na ubaki hapo hapo penye kipasha joto, ukitazama kwenye simu basi lako la pili liko wapi. Kila kituo kina namba yake kwenye bango, ukiiingiza kwenye ukurasa wa mabasi unaona dakika zilizobaki. Neno linaloashiria kwamba muda ni wa ratiba tu, basi lenyewe halijaonekana, lichukulie kwa tahadhari siku hiyo. Ukiona dakika zinapungua kweli kweli, ndipo utoke uende kwenye kile kituo chako kisicho na kibanda.

Sasa gari, kama nilivyoahidi. Mdogo wangu wa Northeast, sikukatai, gari linasaidia. Lakini tazama linavyomkuta mtu asiye na pa kuliegesha. Mji ukitangaza dharura ya theluji, kuanzia saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi huruhusiwi kuegesha upande wowote kwenye barabara zilizowekwa kuwa njia za dharura. Siku ya pili, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kwenye mitaa mingine huruhusiwi upande wa nyumba zenye namba shufwa. Siku ya tatu, saa hizo hizo, upande wa namba witiri. Ukikosea unapigwa faini na gari linavutwa kupelekwa kwenye yadi ya mji, na kulitoa kunagharimu, na kila siku linapolala kule kunaongeza. Binti huyu atakuwa kazini anawaogesha wazee wakati gari lake linavutwa. Halafu betri. Kwenye hasi 18 betri inabaki na chini ya nusu ya nguvu zake, na gari la bei ya ada ya mwanafunzi huja na betri iliyozeeka. Asubuhi ya baridi kali kuliko zote ndiyo litakayokataa kuwaka, na hapo utarudi kituoni ukiwa umeshachelewa.

Kama siku moja utanunua, nunua mwezi wa nne, ujifunze kuendesha kiangazi, na theluji ya kwanza ikianguka nenda kwenye uwanja mtupu wa maegesho ujifunze kufunga breki. Nitakuja kukufundisha mwenyewe, na mke wangu atakuja nasi.

Kwa sasa niandikie hapa jina la kile kituo cha pili, mtaa na makutano. Vituo vya upande ule navijua. Kama kuna kingine jirani chenye kibanda, au penye mlango wa jengo unaofunguliwa mapema, nitakuambia kabla ya Jumapili, maana wanasema usiku wa kuamkia Jumatatu inaanguka tena.